Anameza Dawa, Lakini Je, Anaishi?

Hotuba ya mama mmoja, mhudumu wa afya wa kujitolea, kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia



 

Niliombwa nizungumze juu ya magonjwa ambayo mtu huishi nayo miaka mingi, kama kisukari, shinikizo la damu na pumu. Yote ni muhimu. Lakini leo nitazungumza juu ya mmoja tu, kifafa, kwa sababu huo ndio ninaoujua ndani ya nyumba yangu. Mwanangu wa pili alianza kuanguka akiwa na miaka 7. Sasa ana miaka 22.

Miaka minne ya kwanza tulihangaika. Tuliambiwa amerogwa, tukauza mbuzi. Tuliambiwa ni laana ya ukoo, tukauza mwingine. Alipokuwa na miaka 9 aliangukia mafiga na mkono wake wa kushoto ukaungua. Hapo ndipo jirani mmoja aliniambia, "Mama, mpeleke kituo cha afya." Alianza kupewa vidonge akiwa na miaka 11. Kuanguka kukapungua, halafu kukawa mara moja moja tu kwa mwaka. Mimi nikasema, Mungu asifiwe, kazi imekwisha.

Kumbe haijaisha. Siku moja aliniuliza, "Mama, mbona kikombe changu huwekwa peke yake?" Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Ni mimi mwenyewe niliyekuwa nakiweka pembeni. Nilimpa dawa kila jioni, lakini nilikuwa namwogopa. Alikuwa anameza dawa, lakini haishi kama wenzake.

Kifafa ni nini?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala hakiambukizi. Povu la mdomoni ni mate tu. Ukimshika mgonjwa, ukila naye sahani moja, ukilala naye chumba kimoja, hukipati.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na wengi wao wako katika nchi kama zetu. Linasema pia kwamba watu 7 katika kila 10 wanaweza kukaa bila kuanguka kabisa wakipata dawa inayofaa na kuimeza vizuri.

Kinaletwa na nini? Mara nyingine sababu haijulikani. Mara nyingine mtoto aliumia wakati wa kuzaliwa, au alipata malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Wengine waliumia kichwa, kwa mfano katika ajali ya bodaboda. Na kuna tegu wa nguruwe. Mtu mwenye tegu akienda haja msituni, mayai ya mdudu huyo huweza kuingia kwenye maji au mboga. Ukiyala, huweza kufika kwenye ubongo. Kwa hiyo kikundi kinachochimba vyoo na kufunga nguruwe bandani kinazuia kifafa pia. Hata mama anayejifungulia hospitali, na mtoto anayelala ndani ya neti, ni kinga.

Anapoanguka tufanye nini?

Hebu tushike haya vizuri:

1. Usikimbie. Ondoa moto, mawe na vitu vyenye makali karibu naye.
2. Weka nguo laini chini ya kichwa. Legeza shati shingoni.
3. Usimkandamize kwa nguvu. Usimwekee kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Hatamezi ulimi wake. Utamvunja meno tu.
4. Usimpe maji wala dawa mpaka azinduke kabisa.
5. Mtikisiko ukitulia, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke.
6. Tazama saa. Zikipita dakika 5 bila kutulia, au akianza tena kabla hajazinduka, tafuteni gari au pikipiki mumpeleke hospitali haraka.
7. Kaa naye mpaka ajue alipo. Mfunike kama amejikojolea. Aibu humwumiza kuliko kuanguka kwenyewe.

Juu ya dawa

Dawa za kifafa, kama fenobabitoni, ni za kila siku. Usiache kwa sababu hujaanguka miezi sita. Ukiacha ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu na huweza kuua. Anayeamua kupunguza ni daktari, na kwa kawaida huanza kufikiria jambo hilo baada ya miaka miwili au zaidi bila kuanguka. Wanawake waelezeni wahudumu mapema mnapotazamia kupata mimba, kwa maana kuna dawa nyingine za kifafa zinazoweza kudhuru mtoto tumboni. Lakini msiache wenyewe.

Nyumba na kazi

Sisi tuliinua jiko, tukalijengea ukuta wa udongo pande zote. Si gharama, ni nguvu ya mikono tu. Mwanangu haendi mtoni peke yake, anaoga kwa ndoo, na hapandi miti. Bodaboda haendeshi. Hayo tu. Mengine yote anafanya. Analima, ana kuku wake 30, na ndiye anayeandika hesabu zetu za nyumbani.

Mwalimu aelezwe kwamba mtoto ana kifafa, na afundishwe la kufanya. Mtoto asifukuzwe shule. Msichana asifichwe jikoni. Na tusiseme mtu huyu haoi au haolewi. Nani aliyesema hivyo? Wako walio na kifafa ambao ni wazazi, ni walimu, ni mafundi.

Na sisi wa kanisa

Baba Padre, uniwie radhi, lakini hapa nasi tumekosea. Tukiona mtu anaanguka katikati ya Misa, benchi nzima inahama. Wengine humwambia mgonjwa aache vidonge ili aonyeshe imani.

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, kuna baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu, kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini. Wengi wetu hukumbuka habari ya pepo tu. Mimi hukumbuka mambo mawili. Yesu alimwuliza baba yule kijana amekuwa hivyo tangu lini, kama anavyouliza daktari. Halafu akamshika mkono, akamwinua. Alimshika! Hakuhama benchi. Kwa hiyo tuombe, na dawa tumeze. Vyote viwili ni zawadi ya Mungu.

Vikundi vyetu vinaweza nini?

Mara nyingine dawa huisha kwenye zahanati, na nauli ya kwenda mbali hakuna. Kikundi chetu cha akina mama kilikubaliana kuweka shilingi 20 za kila mwanachama kila wiki tunapokutana. Tuko 18, kwa hiyo ni shilingi 360. Mwenye mgonjwa wa kudumu, awe wa kifafa, kisukari au shinikizo, hukopa bila riba kununua dawa au kulipa nauli. Anarudisha polepole. Asiyeweza kwenda kliniki peke yake husindikizwa na mwenzake.

Pia tuliandika katika sheria zetu kwamba mwanachama hafukuzwi kwa sababu ya ugonjwa. Akishindwa kutoa mchango mwezi aliolazwa, tunamngojea. Asipoweza jembe, apewe daftari au kitalu cha miche. Mgonjwa anataka huruma, ndiyo, lakini zaidi anataka kuhesabiwa.

Wapendwa, mwanangu aliponiuliza lile swali, nilichukua kikombe chake, nikatia chai, nikanywa mimi mwenyewe mbele yake. Hakusema neno, alicheka tu. Tangu siku hiyo vikombe vyetu vyote vinakaa pamoja.

Rudini nyumbani mkatazame kikombe cha nani kiko pembeni.

 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani mwenye ugonjwa wa kudumu ambaye hatumwoni tena kanisani, shuleni au sokoni? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii?
2. Sheria za kikundi chetu zinasema nini juu ya mwanachama aliye mgonjwa?
3. Ni nyumba ngapi zina watoto na jiko lisilo na kizuizi? Tunaweza kuzijengea lini?