Vitabu vya Safari, Habari za Kale na Upishi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu)

Tumetakiwa tuseme machache juu ya vitabu vifaavyo kusomwa jioni, kazi za shamba zikiisha. Navyo viwe vya safari, vya habari za kale na vya upishi. Huenda mzee mmoja akanong'ona, je, upishi umeingiaje katika baraza la watu wazima? Jawabu letu ni kwamba mambo haya matatu hayatengani, nasi twapenda kuwaonyesha.

Twaanza na msafiri wa zamani sana, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko. Mwaka 1331 alishuka Mogadishu, akapita Mombasa, akafika Kilwa. Na habari za safari zake zote zikatimizwa kuandikwa kwa Kiarabu mwaka 1355. Waandishi wengi hutaja masultani na misikiti, kisha basi. Yeye alitaja sinia. Asema kwamba huko Mogadishu mgeni huletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Tena huletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kisha aongeza, bila haya, ya kuwa mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, ndiyo sababu wana matumbo makubwa!

Haya si maneno ya ulafi. Mwalimu mwenye akili aweza kufundisha somo zima kwa sinia lile. Samli na maziwa vyaonyesha ng'ombe wa bara. Embe ni tunda lenye asili ya Bara Hindi, basi merikebu za pepo za kaskazi zilikuwa zikija hata siku zile. Na alipofika Mombasa aliona ya kuwa watu wa kisiwani hawalimi nafaka, bali huletewa kwa vyombo, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Basi mji ule ulikuwa ukimtegemea mkulima asiyetajwa jina. Nazo ndizi za kupikwa hazikupotea: Wachaga wana mtori wao wa ndizi na nyama, na watu wa pwani hutia tui la nazi. Tangu tulipoisoma habari hii, msafiri asiyetaja alichokula twamsoma kwa mashaka kidogo.

Sasa twende Usambara. Kitabu cha Habari za Wakilindi kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi, aliyekaa miaka mingi karibu na watawala wale, nacho kilipigwa chapa tena mwaka 1962. Humo mtasoma habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu. Watu wa kwao walimchukia kwa kuwa alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota. Akaenda porini na mbwa wake, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawapa wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Mwisho wa mambo watu wa Vugha wakamfanya mtawala wao. Basi machifu na watimize kusoma, waone ya kuwa ufalme ule ulianza kwa mtu kugawa nyama, wala si kwa kudai kodi.

Maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, yaliyoandikwa kwa maneno yake mwenyewe, ni kitabu cha namna nyingine. Kilipigwa chapa kwanza Ujerumani, na mwaka 1966 kikatolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili chake ni kikavu na chepesi, chapendeza. Humo mna bei za nguo, deni, pembe na njia za Manyema mpaka Kongo. Lakini twawaonya vijana. Vijiji vyachomwa na watu wachukuliwa mateka katika mstari mmoja, na mstari wa pili wataja frasila za pembe. Asomaye na asimame hapo, aulize habari za wale waliobeba.

Kwa wapendao safari za mbali, yupo Selim bin Abakari aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896. Habari zake zimo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Bwana Velten mwaka 1901. Yupo pia Martin Kayamba. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitoka mwaka 1932. Naye alikuwa karani, na sisi makarani hatuoni haya kujivunia mwenzetu.

Ama Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa karibu na Bagamoyo, ndiye mwandishi mkubwa wa Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903. Harusi, ngoma, utumwa, yote yamo. Mtu huyu alifundisha Kiswahili Berlin, akaoa huko. Na mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, serikali ya Wajerumani ilimkataza kushuka naye Dar es Salaam. Akarudi Ulaya, akafa huko mwaka 1927. Aliyeandika desturi za kwao hakuruhusiwa kukaa kwao na mke wake.

Sasa tazameni jambo moja. Wote tuliowataja ni wanaume. Mwanamke mmoja tu twaweza kumtia katika safu hii, naye ni Bibi Salme binti Said wa Unguja, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1886 kwa lugha ya Kijerumani. Humo aeleza maisha ya jumba la baba yake, hata mlo na jinsi watu walivyoketi kwa daraja. Lakini wasichana wa zama zake walifundishwa kusoma tu, wasifundishwe kuandika, naye alijifunza kuandika kwa siri. Kama siri ile isingalikuwapo, tungaliyajua wapi mambo ya ndani?

Hii ndiyo sababu rafu ya upishi ni nyembamba kuliko nyingine. Wenye elimu yenyewe hawakuulizwa. Tena katika vitabu vya upishi vilivyopo, vingi vyasema "tia chumvi kiasi", au vyataka joko la chuma ambalo mama wa kijijini hana. Kitabu chema cha upishi hutaja kipimo, huambia moto uwe mkali au wa makaa, na hueleza chakula kikiiva huwaje rangi na harufu. Mkikiona cha namna hiyo, kinunueni bila kusita.

Lakini msingoje duka. Walimu wawape wanafunzi daftari, waende kwa bibi zao, waandike chakula kimoja kimoja: jina lake kwa lugha ya nyumbani, msimu wake, huliwa na nani na katika shughuli gani. Bibi akisema "konzi mbili", mtoto aupime unga ule kwa kibaba kabla haujaingia chunguni, aandike. Na jina la bibi liandikwe juu ya ukurasa, akipenda mwenyewe.