Kumuuguza Ndugu Asiyejitambua: Amali ya Ramadhan Tunayoisahau

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi wa Mathare, Huruma na Kiamaiko baada ya Sala ya Alasiri)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu, dada zetu, na wazazi wetu mliokaa kule nyuma:

Kila Ramadhan tunazungumza juu ya funga, Tarawehe na Laylatul-Qadr. Leo nimeombwa nizungumze juu ya mtu ambaye hafungi, haswali, wala hajui kama mwezi umeandama. Macho yake yako wazi, lakini ukimwita haitiki. Na nizungumze pia juu ya yule anayemhudumia. Watu hawa tunao hapa mtaani. Hatuwaoni kwa sababu wamo nyuma ya pazia, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi.

HALI HII NI IPI?

Ubongo una sehemu ya chini inayoendesha pumzi, moyo, kulala na kuamka. Una sehemu ya juu inayoelewa, kukumbuka na kuamua. Mtu akigongwa na gari kule Juja Road au Thika Road akaumia kichwa, au akikosa hewa kwa dakika kadhaa, au akipata kiharusi au homa ya uti wa mgongo, sehemu ya juu inaweza kuharibika sana na ya chini ikabaki. Hapo mtu hulala na kuamka, hupiga miayo, pengine hata hutoa machozi au kukunja vidole, lakini fahamu haionekani. Madaktari Bryan Jennett na Fred Plum ndio walioipa hali hii jina la kitabibu mwaka 1972. Si sawa na kufa kwa ubongo, maana huyu anapumua mwenyewe.

Basi jamani, tuache kusema karogwa au kapagawa. Kumsomea Qur'ani ni jambo jema. Lakini kumpiga, kumfukiza moshi au kumkatiza dawa ni kumdhulumu mtu asiyeweza hata kusema "niache".

JE, ANASIKIA?

Hili ndilo swali la kila mama. Mwaka 2006 daktari Adrian Owen na wenzake kule Uingereza walimwambia mwanamke aliye katika hali hii afikirie anacheza tenisi. Mashine ikaonyesha ubongo wake ukifanya kazi kama wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 utafiti wa nchi kadhaa ulipima wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote. 60 kati yao, yaani robo, walionyesha kwa mashine kwamba wanaelewa wanachoambiwa.

Sisi hapa hatuna mashine hizo. Kwa hiyo salama ni kuchukulia kwamba anasikia. Msalimie ukiingia. Mwambie unamgeuza kabla ya kumgeuza. Na wallahi, msigombanie shamba wala gharama ya kumtunza mbele ya kitanda chake.

Matumaini yapo, ila tusidanganyane. Aliyeumia kichwa ana nafasi zaidi kuliko aliyekosa hewa, na baada ya mwaka mmoja kuamka huwa nadra. Mwanamfalme wa Saudia, Al-Waleed bin Khalid bin Talal, alipata ajali ya gari London mwaka 2005. Babake alikataa mashine zizimwe. Alikaa takriban miaka 20, akafariki Julai 2025. Ule ulikuwa ukoo wa mfalme, lakini naye alihitaji kugeuzwa na kuoshwa kama huyu wetu wa Mathare.

UTHMAN NA SIKU YA BADRI

Ndugu zangu, Badri ilikuwa mwezi huu wa Ramadhan, mwaka wa 2 Hijria. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) hakuwepo. Alikuwa wapi? Alibaki Madina akimuuguza mkewe Bibi Ruqayya, bintiye Mtume (S.A.W.), kwa amri ya Mtume mwenyewe. Bibi Ruqayya alifariki katika siku hizo hizo. Na Mtume (S.A.W.) akamhesabia Uthman ujira na fungu la ngawira sawa na aliyehudhuria Badri.

Hebu tulipime hilo. Aliyebaki nyumbani kumuuguza mgonjwa alikuwa mwanamume, na tena si mwanamume mdogo. Sisi tunamwachia dada au mama kila kitu, kisha tunakimbilia safu ya mbele msikitini. Anayekosa Tarawehe ya jamaa kwa sababu anamgeuza babake asidhani amepitwa. Tarawehe ni sunna na anaweza kuiswali hapo hapo chumbani.

Na mgonjwa je? Wanazuoni wengi humweka pamoja na asiye na akili: kalamu imeinuliwa juu yake, hadaiwi sala wala saumu. Lakini Zakatul-fitri hutolewa kwa ajili yake kama mtu mwingine wa nyumba. Akizinduka siku moja, au mkiwa na shaka, muulizeni sheikh wenu.

KAZI YA KILA SIKU

a) Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Vidonda vya kulalia vikiingia uchafu huua.
b) Msimpe chochote mdomoni kama analishwa kwa mpira wa puani. Hata maji ya Zamzam, hata tone la uji wa futari. Yanaingia mapafuni. Mnaotaka baraka, mpanguseni uso.
c) Wakati wa kumlisha, kichwa na kifua viinuliwe, na abaki hivyo kama saa moja.
d) Msafisheni kinywa kila siku, na mnyoosheni viungo polepole visikakamae.
e) Akipata homa, au akipumua kwa taabu, hospitali mara moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna kunyimwa matibabu ya dharura.

Tusiache na haki zake. Mwandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa wanaokubaliwa. NHIF haipo tena, iliondolewa ikaja SHA mwezi Oktoba 2024, basi hakikisheni amesajiliwa. Na wahudumu wa afya wanaozunguka mitaani waiteni waje nyumbani.

SISI VIJANA TUFANYE NINI?

Hesabu ni rahisi. Kila saa mbili ni mara 12 kwa siku. Mama mmoja hawezi. Atavunjika mgongo, atalala amekaa, na mwisho atakuwa mgonjwa wa pili. Ndugu aliyeko Dammam anatuma pesa, Allah amlipe, lakini pesa haimgeuzi mtu.

Pendekezo langu ni hili. Jumuiya yetu itengeneze zamu. Vijana wawili wa kiume kwa mgonjwa wa kiume, dada wawili kwa mgonjwa wa kike, saa mbili tu kila jioni, ili mwenye kuuguza afuturu akiwa amekaa chini, aoge, aswali, alale kidogo. Wengine wabebe mitungi ya maji na kufua mashuka. Mkitaka kutoa sadaka, nunueni nepi za watu wazima, sabuni na glavu kabla ya tende. Na zamu hiyo isiishe siku ya Idi, maana mgonjwa hana Shawwal.

Karatasi iko mlangoni kwa katibu. Tafadhali usitoke kabla ya kuandika jina lako na siku unayoiweza.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe miongoni mwao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.