Pikipiki ya Zamani Isiyojaza Betri

Haya ndiyo maneno ya mazungumzo kwa wenye pikipiki za zamani na mafundi wao, wa mjini na wa mashambani.

Zipo pikipiki za Kiingereza ambazo umri wake umekwisha pita miaka sitini, nazo bado zinakwenda. Miongoni mwao ni zile za BSA za aina ya M20, M21 na B31, zilizoundwa Small Heath katika mji wa Birmingham. Hizo M20 peke yake ziliundwa zaidi ya 120,000 kwa ajili ya jeshi la Uingereza wakati wa vita vya 1939 mpaka 1945, na baada ya vita nyingi zikauzwa kwa raia. Kiwanda kile kilifungwa katika miaka ya 1970, lakini injini zake ni ngumu mfano wa jiwe la kusagia. Aghalabu kinachowasumbua wenyewe si injini, bali ni taa.

Mwenye pikipiki ya namna hii hupatwa na jambo la kushangaza. Injini inawaka kwa kiki moja, inapanda mlima bila kulalamika, wala haina dalili ya ugonjwa. Lakini jua likisha kuchwa, taa ya mbele inakuwa nyekundu kama kaa la moto, na honi inanong'ona badala ya kulia. Kesho yake mwenyewe hukimbilia dukani kununua betri. Betri mpya hufanya kazi siku mbili tatu, kisha mambo huwa yale yale. Si ajabu mtu kununua ya pili na ya tatu kabla ya kuuliza ni kitu gani kilichoiua ya kwanza.

Kinachomdanganya ni magneto. Katika pikipiki hizi moto wa plagi hautoki katika betri hata kidogo. Hutoka katika magneto, ambayo hujitengenezea umeme wake maadamu injini inazunguka. Juu ya magneto hiyo kimefungwa chombo cha pili, dainamo, kwa ukanda wa chuma. Kazi ya dainamo ni kulisha taa na honi, na kujaza betri. Basi dainamo ikifa mchana, injini haina habari, na mpandaji hali kadhalika.

Hesabu yake si ngumu. Glopu ya mbele ya wati 30 katika umeme wa volti 6 hula ampea 5. Taa ya nyuma ya wati 3 huongeza nusu ampea. Betri ya kawaida ya pikipiki hizi huweka ampea 12 kwa saa moja, yaani ikiwa mpya na imejaa kabisa, itawasha taa hizo kwa muda wa saa mbili tu, na betri iliyochakaa haifiki hata hapo. Mtu atokaye sokoni jioni, na safari yake ni ndefu, atakuta mwanga umemwacha katikati ya njia. Hatari kubwa kuliko kutoona mbele ni taa ya nyuma kuzimika bila ya yeye kujua, na nyuma yake linakuja lori.

Kabla ya kununua kitu chochote, yafaa kuvihoji vyombo vyenyewe kimoja kimoja. Wa kwanza kuulizwa ni ampimita, ile saa ndogo iliyo juu ya taa ya mbele. Injini ikiwa imezimwa, taa ziwashwe. Mshale utaangukia upande wa kutoa. Sasa injini iwashwe na kupewa mwendo wa wastani. Mshale ukirudi kwenye sifuri au kupita upande wa kuingiza, dainamo inafanya kazi, na lawama iwekwe kwingine. Ukibaki pale pale upande wa kutoa, hakuna kinachoingia katika betri.

Hata hivyo betri nayo ipimwe, kwa kuwa betri iliyokufa haipokei chakula hata ikipewa. Maji yawe yamefunika mabamba, nayo yawe maji ya betri, si ya mtoni wala ya bomba. Ijazwe kwa mashine ya karakana, kisha ilale usiku mmoja ikiwa imefunguliwa nyaya zake. Asubuhi betri nzima huonyesha volti 6.3 au zaidi kidogo. Ikiwa imeshuka chini ya 6, hiyo imekwisha. Wenye kipimo cha uzito wa asidi wakumbuke kwamba betri ya nchi ya baridi iliyojaa husoma 1.270 hadi 1.290, lakini kwa mahali pa joto kali watengenezaji walishauri asidi nyepesi zaidi, ya 1.210 hadi 1.230. Kwa hiyo fundi wa Mombasa na fundi wa Limuru wanaweza kuwa na namba mbalimbali, na wote wawili wakawa sawa.

Sasa dainamo. Ile ya Lucas ya volti 6, ambayo ndiyo iliyofungwa katika pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950, ina ncha mbili zilizoandikwa D na F. Nyaya zake zote mbili zifunguliwe, kila mmoja ukitiwa alama ili usipotee. Kisha ncha ya D na ya F ziunganishwe pamoja kwa kipande kifupi cha waya. Mkono mmoja wa voltimita uguse hapo, na mkono wa pili uguse mwili wa dainamo mahali palipo safi. Injini iwashwe polepole na kuongezwa mwendo kidogo kidogo. Mshale wa voltimita wapaswa kupanda upesi bila kuyumba. Ukikaribia volti 10 mwendo upunguzwe mara moja, na isijaribiwe kamwe kuulazimisha mshale upande kwa kuingurumisha injini, kwa maana dainamo isiyo na mtu wa kuizuia hujiunguza yenyewe.

Majibu ya kipimo hiki yana maana. Ikiwa mshale haukusogea kabisa, zitazamwe brashi za makaa. Ukionyesha kama nusu volti tu, shaka ni juu ya koili iliyokaa imara ubavuni. Ukifika volti moja na nusu au mbili na kugoma hapo, yawezekana kwamba amecha, ule mtungo wa waya uzungukao ndani, umeungua. Mtu asiye na voltimita aweza kutumia glopu ya mbele ya volti 6 mahali pake; ikiwaka kwa nguvu injini ikiwa katika mwendo mdogo, dainamo ni nzima.

Mara nyingi kosa huwa dogo. Brashi imekwama katika nyumba yake kwa uchafu, au imechakaa hata springi haiwezi kuisukuma tena. Shaba ile inayosuguliwa na brashi huwa nyeusi kwa mafuta yaliyopenya kutoka kwenye injini. Isafishwe kwa kitambaa chenye petroli, na ikiwa bado ina makovu, kwa msasa laini wa kusugulia mbao. Msasa mweusi wa chuma usitumiwe. Mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba nayo ikwaruzwe mpaka iwe na kina cha karibu milimita moja. Kazi hii haigharimu kitu ila subira, na imefufua dainamo nyingi zilizokuwa zimekwisha andikiwa kaburi.

Kama dainamo ni nzima na betri ni nzima, mwenye kosa ni regulata au nyaya. Regulata ya zamani ni kisanduku chenye koili na vidomo vya chuma vinavyofunguka na kufunga, na ncha zake nne ni F, A, D na E. Hapa mafundi wengi huiharibu kwa bisibisi, wakizungusha skrubu bila kipimo. Kwanza itazamwe ncha ya E, iendayo kwenye bodi ya pikipiki. Waya huo ukikatika au ukishika kutu, regulata haioni tena volti ya dainamo, nayo huiachia itoe umeme bila mpaka. Betri huchemka na glopu hupasuka. Yaani ubaya wa waya mmoja waweza kuonekana kama ubaya wa kila kitu.

Vidomo vilivyoungua vyaweza kusafishwa, lakini ikiwa koili imeungua, si jambo la busara kutafuta nyingine iliyotumika kwa miaka sitini. Siku hizi ziko regulata zisizo na vidomo, ndogo kiasi cha kuingia ndani ya kisanduku kile cha zamani, na mtu akiitazama pikipiki kwa nje hatambui mabadiliko. Wakati wa kununua ni lazima kujua mambo mawili: volti, na ncha ipi ya betri imefungwa kwenye bodi. Pikipiki nyingi za Kiingereza zilizoundwa kabla ya 1951 zilifunga ncha hasi kwenye bodi, na zilizofuata zikafunga chanya. Lakini katika miaka mingi mafundi wamegeuza wapendavyo, kwa hiyo itazamwe pikipiki yenyewe, si kitabu. Regulata ya namna hii ikifungwa kinyume hufa mara hiyo hiyo.

Wako pia wanaogeuza umeme wote kuwa wa volti 12. Jambo hili lawezekana kwa dainamo ile ile, na glopu za volti 12 zapatikana kwa urahisi. Lakini dainamo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kabla ya kuanza kujaza, na betri, glopu na honi vyote vibadilishwe. Kwa mtu wa barabara ndefu ni sawa. Kwa mtu wa mwendo wa polepole mjini, faida yake ni ndogo kuliko gharama.

Siku ya kufunga, waya wa betri ufunguliwe kwanza, kwa sababu ncha ya A ina umeme wakati wote. Nyaya mpya ziwe nene, na mahali zinapokutana na bodi rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Dainamo iliyofanyiwa kazi au iliyogeuzwa ncha haina budi kukumbushwa upande wake: waya wa F ukiwa umefunguliwa, na betri imefungwa kwenye bodi ipasavyo, waya kutoka ncha nyingine ya betri uguswe kwenye ncha ya F ya dainamo mara mbili tatu, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha waya wa F urudishwe.

Ndipo injini iwashwe tena na ampimita itazamwe. Betri ikiwa na njaa, mshale utapanda ampea kadhaa upande wa kuingiza, na baada ya safari ya saa moja utashuka kufikia ampea moja au mbili. Hiyo si dalili ya ubovu, ni regulata inapunguza chakula kwa kuwa mlaji ameshiba. Taa zikiwashwe usiku katika mwendo wa kawaida, mshale usishuke chini ya sifuri. Na mwenyewe ashuke, azunguke nyuma, aitazame taa nyekundu kwa macho yake kabla ya kuingia barabarani.