Kupima Afya ya Taifa Nyumba kwa Nyumba: Mfano wa Rubavu

Utafiti wa kitaifa wa afya ni kazi ya kuwafuata watu majumbani mwao, wazima na wagonjwa pamoja, na kuijua hali ya wote kwa kupima wachache. Rekodi za hospitali hazitoshi kwa kazi hiyo. Daftari la hospitali mjini Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu magharibi mwa Rwanda, kwenye mpaka na Kongo, humwonyesha mwenye shinikizo la juu la damu aliyekwisha kupooza upande mmoja. Halimwonyeshi jirani yake wa Rugerero mwenye shinikizo lilelile, ambaye bado analima, anauza na kulala usingizi wake. Ugonjwa huo hukaa miaka bila dalili. Kisukari nacho hujificha, na udumavu wa mtoto hauonekani kwa macho pale ambapo wengi wa rika lake nao wamedumaa. Ama vihatarishi vyenyewe, yaani tumbaku, pombe, chumvi nyingi, uzito uliozidi na mwili usiofanya kazi, haviendi hospitalini kabisa. Anayetaka kuvijua sharti apige hodi.

Afrika Mashariki ilianza kupimwa zamani, ila si kwa njia hii. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kisii nchini Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya wanaume wapatao 1,000. Aliona kwamba shinikizo lao halikupanda umri ulivyosonga, kinyume na ilivyozoeleka Ulaya. Mwaka 2015 Kenya ilipofanya utafiti wake wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, karibu robo ya watu wazima walikutwa na shinikizo la juu. Kati ya vipimo hivyo viwili imepita miaka 86 ya mabadiliko ya chakula, kazi na makazi. Hata hivyo kuna tofauti nyingine, nayo ni namna watu walivyopatikana. Wanaume wa Donnison ni wale aliowafikia. Watu wa mwaka 2015 walipatikana kwa bahati nasibu kutoka kaya za nchi nzima, kila mmoja akiwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Bila nafasi hiyo kujulikana, mtafiti hana haki ya kusema neno lolote kuhusu mtu ambaye hakumpima.

Rwanda ilifanya utafiti wake wa kwanza wa idadi ya watu na afya mwaka 1992, ukafuatwa na wa 2000, 2005, 2010, 2014-15 na 2019-20, pamoja na mmoja mfupi wa 2007-08. Huu wa 2019-20 ulisimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Takwimu. Ulianza Novemba 2019, ukasimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, ukamalizika Julai. Yalichaguliwa maeneo 500 nchi nzima, na katika kila eneo kaya 26. Kwa wilaya 30, kila wilaya hupata kwa wastani maeneo 16 au 17. Wilaya ya Rubavu basi husemewa na kaya zipatazo mia nne na kidogo.

Orodha ya maeneo hayo hutoka katika sensa, na sensa huzeeka. Sensa ya 2012 iliikuta Rubavu ikiwa na watu 403,662; ile ya Agosti 2022 iliikuta na 546,683, ongezeko la zaidi ya theluthi katika miaka kumi. Ndiyo maana kabla ya wahoji kufika, timu nyingine hupita katika kila eneo lililochaguliwa na kuorodhesha upya nyumba zote, pamoja na chumba cha kupanga kilichojengwa nyuma mwaka uliopita. Ni kazi ya kuchosha, isiyotajwa katika mikutano ya kutangaza matokeo. Ikifanywa ovyo, wanaopotea ni wapangaji na wahamiaji, na katika mji wa mpakani hao si wachache.

Utafiti wa vihatarishi hufuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uitwao STEPS, ambao una hatua tatu: maswali, vipimo vya mwili, kisha damu. Rwanda iliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 2012-13 kwa watu 7,240 wa umri wa miaka 15 hadi 64, na ikaurudia mwaka 2021-22. Katika kila kaya huchaguliwa mtu mmoja tu, tena kwa kura, si yule aliye karibu na mlango. Anayepimwa shinikizo hukaa kwanza kwa utulivu wa dakika 15, mkono juu ya meza, miguu isipishanishwe. Hupimwa mara tatu kwa kuachana dakika kadhaa. Kipimo cha kwanza huachwa na wastani wa viwili vya mwisho ndio huandikwa. Aliyepanda mlima akiwa na gunia la viazi na kupimwa palepale angehesabiwa mgonjwa bure.

Swali la pombe ni gumu kuliko kipimo cha shinikizo. Utafiti huhesabu kinywaji sanifu chenye takriban gramu 10 za kileo halisi. Chupa moja ya bia ya sentilita 72, yenye kileo cha asilimia 5, ina gramu 28 hivi. Mtu akijibu kwa uaminifu kuwa alikunywa chupa mbili, amekunywa vinywaji sanifu karibu sita. Urwagwa, pombe ya ndizi, hauna nguvu moja kutoka nyumba hadi nyumba, na wanaokunywa kwa mirija katika chombo kimoja hawana namna ya kujua kila mmoja amevuta kiasi gani. Gisenyi imekuwa na kiwanda cha bia tangu 1957, na bia ya kienyeji iko tangu kabla ya hapo. Kadi za picha za vyombo vya kunywea ambazo mhoji hubeba zisipolingana na vyombo vya watu, takwimu ya pombe ya mji huo itakuwa ya kubahatisha.

Mwinuko nao una madai yake. Mwili unaoishi juu huongeza hemoglobini ili upate oksijeni ya kutosha, kwa hiyo kila kipimo cha upungufu wa damu hurekebishwa kabla ya kuhesabiwa. Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo kanuni ya Shirika la Afya Duniani iliyotumika kabla ya 2024 iliondoa gramu 0.5 kwa kila desilita. Penye mita 2,000, kama katika baadhi ya vijiji vya Bugeshi na Busasamana chini ya milima ya volkano, iliondoa 0.8. Kwa kanuni hiyo mtoto wa Gisenyi aliyesomeka 11.3 alikuwa na 10.8 baada ya marekebisho, na kikomo cha mtoto wa chini ya miaka mitano kilikuwa 11. Alihesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Mtoto wa Mombasa, kando ya bahari, mwenye 11.3 hakuhesabiwa.

Urefu unaonekana kuwa kipimo rahisi, nao ndio unaodai uangalifu kuliko vyote. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa juu ya ubao, mkubwa husimamishwa, watu wawili wakisaidiana: mmoja kichwani, mwingine magotini. Mvulana wa miezi 24 hutarajiwa kuwa na sentimita 87 hivi; akiwa chini ya 81 amehesabiwa kuwa amedumaa. Goti likikunjwa kidogo sentimita moja hupotea, na mama akikosea miezi mitatu ya umri, mtoto mzima huingia katika hesabu ya waliodumaa au aliyedumaa hutoka. Kadi ya chanjo yenye tarehe ya kuzaliwa ni sehemu ya mizani.

Kwa vipimo vya namna hiyo Rwanda imeweza kuona mwendo wake yenyewe. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa 196 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa 2000, vikashuka hadi 76 mwaka 2010 na 45 mwaka 2019-20. Udumavu ulikuwa asilimia 44 mwaka 2010, ukawa 38, kisha 33. Mwendo wa vifo ni wa haraka. Wa udumavu ni wa pole, na haukwenda sawa kila mahali. Mwaka 2019-20 Jiji la Kigali lilikuwa na asilimia 21 hivi, Jimbo la Magharibi asilimia 40. Rubavu yenyewe ilikuwa na takriban 40, na Ngororero, katika jimbo hilohilo, nusu ya watoto.

Takwimu hiyo ya Rubavu inastahili kutafakariwa kidogo. Wilaya hii haina ukame. Udongo wake wa volkano hutoa viazi, karoti, kabichi na vitunguu vinavyoliwa Kigali na Goma, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mpaka. Ziwa Kivu lina sambaza, dagaa walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Maziwa yanatoka malisho ya Gishwati. Chakula kipo, ila kuwepo kwake sokoni si kuliwa kwake na mtoto wa miezi kumi. Utafiti unapoweka pamoja urefu wa mtoto, kile alichokula jana, maji ya kaya, choo chake, elimu ya mama na kipato, huzuia jibu la haraka kwamba watu wana njaa. Unaelekeza macho kwenye aina ya chakula, kuhara kunakojirudia, uzazi wa karibukaribu, na muda ambao mama hayupo nyumbani.

Na hapa mpaka unaingia. Kabla ya 2020 makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma, wengi wao kwa miguu kupitia kizuizi kidogo, Petite Barrière, na wengi wa wafanyabiashara wadogo ni wanawake wanaoondoka alfajiri na kurudi jioni. Mhoji anayefika saa nne asubuhi humkuta bibi na wajukuu. Utaratibu unakataza kumbadili aliyechaguliwa kwa jirani aliyepo. Mhoji hurudi tena na tena, hata jioni, hata siku ya mapumziko. Katika utafiti wa 2019-20 zaidi ya asilimia 99 ya wanawake waliostahili kuhojiwa walihojiwa, kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hazikifikii, na sifa yake ni ya watu waliorudi mara ya tatu. Lakini kuitikiwa sana hakutoshi. Swali la sigara, pombe au kipigo cha nyumbani likiulizwa mbele ya mume, mama mkwe au kiongozi wa umudugudu, yaani kijiji, jibu lake halina thamani, na mhoji mzuri huacha swali kuliko kuliuliza mbele ya watu.

Aliyepimwa ana haki pia ya kujua kipimo chake. Katika tafiti za mwanzo damu ya kupima virusi vya UKIMWI ilichukuliwa bila jina na majibu hayakurudi kwa mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI uitwao RPHIA, wa 2018-19, uliokuta maambukizi ya asilimia 3 kwa watu wa miaka 15 hadi 64, uliwapa watu majibu yao palepale nyumbani na kuwaelekeza kwenye matibabu. Huo ndio utaratibu wa haki, na shinikizo la damu na kisukari vinastahili vivyo hivyo.

Matokeo ya vihatarishi yanahitaji kusomwa kwa hadhari. Mwaka 2012-13 Rwanda ilikuwa na shinikizo la juu la asilimia 15 hivi. Uganda mwaka 2014 asilimia 24, Tanzania mwaka 2012 asilimia 26. Sehemu ya pengo hilo ni umri: Tanzania ilipima kuanzia miaka 25, Rwanda kuanzia 15, na vijana huishusha hesabu. Kati ya tafiti mbili za Rwanda, matumizi ya tumbaku yalishuka kutoka karibu asilimia 13 hadi 7, huku wanywaji wa pombe wakiongezeka kutoka 41 hadi 48.

Kuhusu wilaya moja moja, tafiti hizi za vihatarishi haziwezi kusema. Watu 7,240 wakigawanywa kwa wilaya 30 ni 241 kila moja. Kwa idadi hiyo, asilimia 15 ya wilaya ingeweza kuwa 10 au 20, na mashaka huzidi kwa kuwa waliopimwa wametoka vijiji vichache. Kuwagawa tena kwa jinsia na umri hakuna maana.

Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata fedha za programu iliyosaidia tafiti za idadi ya watu na afya katika nchi nyingi tangu 1984. Gharama ya kuzihesabu kaya za Afrika haiwezi kuendelea kutegemea bajeti inayopitishwa Washington. Wizara za fedha za eneo hili ziubebe utafiti wa afya kama zinavyoibeba sensa, na utafiti ujao wa vihatarishi uwe na sampuli ya kutosha kila wilaya. Rubavu inajua ni watoto wangapi kati ya 100 waliodumaa; ni watu wazima wangapi wenye shinikizo la juu la damu, bado haijui.