Mvua Yetu Inatoka Wapi?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Nyamuswa)



Leo tuna maneno mawili: jiografia na utamaduni. Msiyaogope. Jiografia ni elimu ya nchi jinsi ilivyo: milima, mito, mvua, udongo, na watu wanaokaa juu yake. Utamaduni ni namna watu hao wanavyoishi: wanavyolima, wanavyooa, wanavyozika, wanavyoomba. Ngoma ni utamaduni, ndiyo, lakini hata ugali wa muhogo ni utamaduni. Wengi tunausahau ugali.

Hebu tuanze hapa hapa. Simama utazame jua linakochomoza. Mbele yako ni mashariki, upande wa Serengeti. Mgongoni ni magharibi, kwenye Ziwa Viktoria. Mkono wa kushoto ni kaskazini, kwa Wazanaki. Mkono wa kulia ni kusini. Basi, umekwisha kuchora ramani bila karatasi.

Ziwa letu ni pana sana, kilomita za mraba 68,800 hivi, na tunaligawana na Uganda na Kenya. Mchana jua likiwaka, nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa ya moto hupanda juu. Upepo wa ziwani huja kushika nafasi yake, nao umebeba unyevu. Unyevu ukifika juu hupoa, huwa mawingu, na mawingu huleta mvua. Usiku mambo hugeuka, upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ndiyo maana wavuvi hukutwa na dhoruba usiku wa manane. Tena si ziwa peke yake. Pepo za Bahari ya Hindi nazo hutuletea vuli na masika.

Kule Tarime kuna milima mirefu, mvua ni nyingi, na kahawa na ndizi zinastawi. Huku kwetu mvua hubabaisha. Kwa hiyo wazee walishika mtama na ulezi, na baadaye muhogo. Wajita wako ziwani, wakawa wavuvi. Wataturu walifuata malisho ya ng'ombe. Kila mmoja aliisoma nchi yake kabla hajasoma kitabu.

Tulipofika hapo darasani, mama mmoja alinyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, kama mvua inatoka ziwani na baharini, watemi wetu wa mvua walikuwa wanafanya nini? Walitudanganya?"

Darasa lilinyamaza kimya. Swali hilo si dogo hapa Ikizu. Masimulizi yanasema Nyakinywa, mwanamke aliyejua mambo ya mvua, alitoka Kanadi huko Usukumani, akamkuta Isamongo, mwindaji mwenye moto. Utemi wa mvua wa Waikizu unaanzia kwa mama huyo. Ukisema ni uongo mtupu, unamtukana bibi yako.

Kijana mmoja akajibu haraka: "Ushirikina huo! Ndiyo maana mpaka leo wanatukataza kukata miti kwenye chemchemi, ati kuna misambwa. Sisi tunataka mkaa."

Mzee mmoja akamtazama, akamwuliza: "Mwanangu, chemchemi ambayo miti yake mmekwisha kuikata, kiangazi mnachota maji?"

Kijana hakujibu.

Jamani, hapo ndipo maneno yetu mawili yanapokutana. Mvua kunyesha ni jambo moja, maji kubaki ni jambo jingine. Penye miti, majani makavu huyazuia maji yasikimbie, na mizizi huyafungulia njia ya kuzama ardhini. Yakizama hutoka polepole chemchemi, hata miezi ya jua. Pakiwa wazi, maji huteremka mbio na udongo wa shamba lako. Wazee walisema misambwa wanakaa pale, pasiguswe. Sisi tunasema maji yanakaa pale. Maneno ni tofauti, lakini mti uliosimama ni ule ule.

Kwa maoni yetu, anayewacheka wazee kwa sababu amejua kusoma bado hajasoma vizuri. Na anayesubiri mvua bila kupanda mtama unaovumilia ukame, huyo naye wazee wasingemsifu.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila mmoja aende kwa mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aulize majina ya vilima, vijito na chemchemi kuanzia kijijini kwake hadi mlima Chamuriho. Aulize jina lina maana gani, na kuna mwiko gani. Andikeni kwenye daftari kwa Kiikizu kama yanavyotamkwa, msiyageuze Kiswahili. Jumamosi tutayaweka yote kwenye ramani moja kubwa, na ile chemchemi iliyokauka tutaiandika pia, pamoja na mwaka ilipokauka kama kuna anayeukumbuka. Yule kijana wa mkaa tumempa kazi ya kushika kalamu.