Haki ya Mnyama Aliyesahauliwa Kambani

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitembeacho juu ya ardhi na Mwenye kukadiria riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi Waislamu, nakuusieni, na kwanza naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na jueni ya kuwa katika haki tutakazoulizwa kesho zimo haki za viumbe wasioweza kwenda kwa kadhi kushitaki.

Leo maneno yetu ni juu ya mbuzi. Wala mtu asiyaone kuwa ni maneno madogo. Mtume wetu (S.A.W.) aliwachungia watu wa Makka mbuzi na kondoo wao kwa ujira wa qirati, na akatufahamisha kuwa hakuna Nabii aliyepelekwa ila naye alichunga. Kazi waliyofunzwa Manabii kabla ya kupewa umma haiwezi kuwa kazi duni.

Ndugu Waislamu, mara ngapi tumepita penye ua wa mtu tukamwona mbuzi amefungwa kwa kamba fupi? Majani yaliyomzunguka ameyamaliza tangu juzi, na ndoo imekauka. Mbavu zake zinahesabika, kwato zimerefuka zikajipinda, na kamba imezama shingoni mpaka imefanya kidonda. Na mara nyingi mwenyewe si mtu katili. Alimnunua kwa ajili ya akika, na akika ikaahirishwa. Au ni mbuzi wa yatima aliyewekwa amana. Baba anadhani mtoto amekwisha mpa maji, mtoto anadhani mama amempa, na mama anadhani baba. Hivyo ndivyo dhulma nyingi zinavyotendeka majumbani: haziletwi na chuki, huletwa na kudhania.

Tuitazame Hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Hatukuambiwa kuwa alimpiga wala kumkata. Tumeambiwa kuwa alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie vidudu vya ardhini. Mnyama aliye huru hutafuta riziki yake mwenyewe. Ukimfunga, riziki yake imekuwa mkononi mwako. Ama Mtume (S.A.W.), alipompita ngamia ambaye mgongo wake umegandana na tumbo kwa njaa, aliwaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasiosema.

Na wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili liwe hisani tu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu, kuwa ni wajibu wa mwenye mnyama kumpa chakula na maji. Akikataa, na mnyama ni wa kuliwa, hulazimishwa moja katika matatu: amlishe, amuuze, au amchinje. Wala hakamwi mnyama mpaka mtoto wake akadhurika. Basi kumwacha afe polepole kambani hakumo katika hayo matatu.

Aliyeghafilika afanye nini? Toba ina masharti: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutorejea. Na likiwa kosa limegusa haki ya mwingine, haki hiyo irejeshwe. Mbuzi hawezi kuombwa radhi kwa maneno. Haki yake hurejeshwa kwa mikono, tena kwa siku nyingi.

Lakini huruma bila ya elimu huweza kuua. Mtu hupata uchungu, akamwagia mbuzi mwenye njaa sinia zima la mahindi au pumba. Tumbo lililokaa bila chakula halikubali nafaka nyingi kwa ghafla. Nafaka huchacha ndani, na mnyama akafa kwa shibe baada ya kuokoka na njaa. Aanze kwa maji safi, kivuli, na mahali pakavu pa kulala. Kisha apewe majani mazuri, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Nafaka, ikiwa ipo, ije baadaye, tena kwa kiasi, ikiongezwa taratibu.

Kamba ikatwe kwa uangalifu, na kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakatiwa chumvi na kupoa. Kope ya chini ivutwe itazamwe: ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, damu imepungua, na mara nyingi hiyo ni kazi ya minyoo. Hapo aitwe bwana mifugo, kwani kipimo cha dawa hufuata uzito na hali ya mnyama. Kwato ndefu zikatwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa, zisikatwe zote siku moja zikatoka damu. Na asikae peke yake ikiwa wapo wenziwe wenye afya na bwana mifugo ameruhusu, kwani mbuzi ni mnyama wa kundi. Atakapoanza kucheua kwa utulivu, mshukuruni Mwenyezi Mungu, kwani hiyo ni katika dalili za kupona.

Yapo mambo mawili ya kuhadhari. La kwanza: mbuzi aliyepewa dawa, maziwa yake na nyama yake visitumiwe wala kuuzwa mpaka zitimie siku alizotaja bwana mifugo. La pili: asiuzwe kwa kufichwa ugonjwa wake, kwani mwenye kughushi amejitoa katika mwendo wa Mtume wetu.

Na je, akiwa mbuzi ni wa jirani? Mpe maji, kisha bisha hodi. Usimfungue usiku ukamchukua kwa kisingizio cha huruma. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kumtunza mnyama wa mtu hakukufanyi ummiliki. Bisha hodi kwa adabu, uulize hali. Huenda ukamkuta mzee ameanguka kitandani siku ya tatu, hana wa kumchemshia uji. Huenda ukamkuta mjane aliyeuza vyote, na akaona haya kuomba. Enyi Waislamu, mbuzi mwenye njaa uani huwa mara nyingine ni habari ya watu wenye njaa ndani. Tukampita yeye, tumewapita na wao, na jirani ana haki juu yetu tunayoijua sote.

Nanyi vijana wa vyuoni, mnaosoma milango ya nafaka na amana: msiyaache masomo kwenye mkeka. Mlango wa nafaka unaishia bandani, penye ndoo ya maji. Anayeamka kabla ya Alfajiri kumtazama mnyama mgonjwa, na hakuna amwonaye ila Mola wake, huyo yumo katika ibada. Mtume (S.A.W.) ametubashiria malipo kwa kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe kilicho hai. Tumesikia mtu alivyosamehewa kwa kumteremkia mbwa kisimani na kumpandishia maji ndani ya kiatu chake. Seuze mnyama ambaye tumemfunga kwa mikono yetu?

Basi tukirejea majumbani mwetu leo, kila mmoja aitazame ndoo yake kwa macho yake mwenyewe, wala asiulize nani amekwisha mpa maji.

Ewe Mola wetu, usituchukulie kwa yale tuliyoyasahau. Tujaalie nyoyo laini na mikono yenye elimu. Waponye wagonjwa wetu, washibishe wenye njaa katika majirani zetu, na usitujaalie kuwa sababu ya kiu ya kiumbe chako chochote. Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anighufirie mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.