Kujizoeza Kabla ya Siku ya Shida

Wanafunzi wa Handeni na Korogwe, twasikia kwamba wengi wenu hutetemeka saa ya mtihani. Basi mtazameni Filbert Bayi wa Tanzania. Mwaka 1973, huko Stockholm, alishika mbele mapema, na Ben Jipcho wa Kenya akampita mwishoni. Wengine wangaliacha desturi ile, yeye hakuiacha. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alitangulia tena tangu mwanzo wa mita 1,500, akamshinda John Walker na Jipcho yule yule, kwa rekodi ya dunia.

Nanyi fungeni daftari nyumbani, mweke saa mbele yenu, mjibu maswali kwa muda ule ule wa mtihani, kila juma. Swali likikushinda, liruke, vuta pumzi, uendelee na linalofuata.